Mheshimiwa anachechemea, kisu kingoje

Najua nimekaa kimya muda mrefu. TP imekwisha, boom halijaingia, na kuna asaimenti mbili zinanitazama kwa jicho baya. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu nitoke nyumbani Karema, bora niliteme leo.

Kwa wasiopajua, Karema iko mkoani Katavi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Nyumbani kwa bibi kuna bata mzinga dume ambaye mdogo wangu amembatiza jina la Mheshimiwa, kwa sababu akiona mgeni tu anavimba, anatandaza mkia na kuanza hotuba isiyoeleweka na mtu.

Siku moja Mheshimiwa akaingia kwenye nyavu zilizoanikwa karibu na mwalo. Uzi ukamzunguka mguu, naye badala ya kutulia akavuta. Tulipomkuta kifundo kilikuwa kimevimba kama limau, uzi umezama kwenye ngozi, hawezi kusimama.

Mjomba alitazama mara moja tu, akasema, "Leteni kisu kabla hajakonda." Na kusema kweli, hata mimi nilishaanza kufikiria pilau. Ni dogo ndiye aliyeng'ang'ania. Alimpigia magoti bibi: "Bibi, nipe wiki tatu tu." Bibi akamtazama mjomba, akamtazama bata, akasema kisu kingoje.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee, jamani. Tuna tabia ya kuamua kabla ya kuangalia. Mnyama akichechemea, jibu ni mbili tu: chinja, au mwachie Mungu. Hakuna anayeinama kuutazama mguu wenyewe. Na mguu wa ndege unaweza kuugua kwa sababu nyingi: jeraha, mfupa kuvunjika, kidonda chini ya wayo kinachoota gamba jeusi, upungufu wa madini kwenye chakula, hata ugonjwa kama mdondo, ambao unapoozesha na unaweza kumaliza banda zima. Sasa utaamuaje kama hujui ni lipi?

Dogo alikata uzi taratibu kwa wembe mpya, akaosha jeraha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo. Jirani akaja na ushauri maarufu: fungua kapsuli ya dawa ya binadamu, umwagie kwenye maji. Bahati nzuri afisa mifugo alipatikana. Alipapasa mfupa, akasema ni mzima. Halafu akatukanya kuhusu hizo kapsuli. Dawa za kubahatisha zinawafundisha vijidudu usugu, na ukimchinja ndege kabla dawa haijatoka mwilini, unaila wewe. Wangapi humu wamewahi kulifikiria hilo?

Maagizo yalikuwa mepesi tu. Atengwe, maana wenzake wakiona damu wanamdonoa. Alale juu ya nyasi kavu nene, kwa sababu ndege mzito akikaa sakafu ngumu anatoka vidonda kifuani, na sakafu inayoteleza inamzidishia maumivu. Maji na chakula viwe karibu na mdomo. Kuhusu chakula hatukuwa na shida: bata mzinga anahitaji protini kuliko kuku, na Karema dagaa ndio kwao.

Kilichonishangaza zaidi ni daftari. Dogo, ambaye ripoti yake ya shule huwa tunaipokea kwa kuguna, alikuwa anaandika kila jioni: leo amekula kiasi gani, amesimama mara ngapi, uvimbe umepungua au la. Alipima kifundo kwa kamba na kuweka alama. Hakuna mwalimu aliyemwambia afanye hivyo. Mimi niliyekuwa natoka TP, na lesson plan zangu za kupendeza, sikuwahi kumfanya mwanafunzi yeyote aandike kwa hamu namna ile. Iliniuma kidogo. Darasani kwangu kulikuwa na wawili watatu ambao nilishawachinja kimawazo wiki ya kwanza, kabla sijainama kuangalia kinachowafanya wachecheme.

Hapohapo kijijini kwetu tuna historia ya jambo hili. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne wa Kihindi. Walishushwa Msasani, Dar es Salaam, wakaongozwa na Kapteni Carter kwa miguu kuelekea Ziwa Tanganyika, ili kujaribu kama tembo wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Aliyefika Karema ni mmoja tu. Watatu walikufa njiani. Nikiwafikiria wale tembo namwona mnyama aliyefanywa chombo: kikibeba kibebe, kikivunjika basi.

Najua wapo watakaosema huo ni uzungu, watu wenyewe hawana hela ya dawa. Nawaelewa. Mimi nyama nakula, tena paja nalipigania. Na kama mfupa umetoka nje na nyama imeoza, kisu cha haraka ndiyo huruma yenyewe, kuliko kumwacha ateseke wiki nzima. Lakini nyasi kavu, chumvi na kamba havihitaji boom. Kinachotakiwa ni mtu wa kuinama. Tena tangu 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ingawa wengi wetu hatujui hata kama ipo.

Wiki tatu zilipoisha Mheshimiwa alikuwa anatembea. Anachechemea bado, na huenda atachechemea maisha yake yote. Mjomba hajakata tamaa. Nilipopiga simu juzi nilimsikia nyuma akiuliza Krismasi ni lini. Dogo naye aliniuliza kitu kimoja tu: "Kaka, huko chuoni wanafundisha udaktari wa mifugo?"

Nikamwambia kuna chuo kinafundisha, SUA kule Morogoro, lakini Baiolojia na Kemia lazima ufaulu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema atanunua daftari jingine.

Nawasilisha. Nyumbani kwenu anayechechemea mnamfanyaje?