Msunguti, Kichaka Kisichokauka Majani

Wahenga walisema kwamba kizuri hakikosi ila. Neno hilo lauhusu sana msunguti, ambao Wakamba huuita kivai na Wamasai olmorijoi. Huota penye vilima vya mawe, katika vichaka vya nyika na kandokando ya misitu mikavu ya Kenya. Majani yake ni magumu, yenye kung'aa, wala hayapukutiki wakati wa kiangazi. Maua yake madogo, meupe yenye wekundu kidogo, hushikamana kwa vishada na hunukia vizuri sana.

Nyasi zikaukapo, mchungaji asiyeujua huweza kudhani kuwa amepata malisho. Hapo ndipo penye hatari, maana gome, mizizi na majani yake yana sumu kali. Zamani Wakamba, Wagiriama na Waata waliyachemsha magome na vipande vya mti huo kwa saa nyingi, hata maji yakawa mazito na meusi kama lami. Waliipaka mishale sumu hiyo, kisha wakaifunga kwa ngozi laini isikauke. Waata waliangusha hata ndovu. Sumu ikiingia katika damu huuvuruga moyo mpaka ukasimama. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini nguvu ya mti haikupungua.

Yuko hata mnyama mdogo ajuaye siri hiyo. Ni panya mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gome la msunguti na kujipaka ubavuni mate yenye sumu. Mbwa amwumaye huweza kufa. Wataalamu walilieleza jambo hilo mwaka 2011.

Matunda mabichi nayo ni ya hatari. Yakiiva kabisa na kuwa meusi, ndege huyala, na watu wa sehemu nyingine pia. Lakini mtoto hawezi kupambanua tunda lililoiva na lile ambalo bado. Afadhali akatazwe yote.

Si lazima kuung'oa kila msunguti, kwa kuwa hustahimili ukame na kufunika miteremko ya mawe ambayo mimea mingi hushindwa kuota. Yafaa kila mkulima awaonyeshe wachungaji wake mti wenyewe, majani yake na maua yake. Tena akifyeka shamba, asiyaache matawi yake mahali ambapo mbuzi wenye njaa hupita.