Bei ya Chumba Iulizwe Mwisho

UPANDE WA PILI
Na Mwajuma Sekiondo

Chiang Mai, mji wa kaskazini mwa Thailand, umekuwa gumzo kwa vijana wetu wanaoishi kwa kazi za mtandaoni. Kijana anafasiri nyaraka au anaandika programu kwa ajili ya mteja wa Ulaya, yuko zake Sinza, anafungua simu na kuona chumba safi chenye kiyoyozi, intaneti imo ndani ya kodi ya pango, na bei yake haitishi. Usingizi unampaa, anapiga hesabu hadi usiku wa manane. Kwa pato hili hili nitaishi vizuri kuliko hapa, anasema, na akiba itabaki. Wanaoniandikia kuomba ushauri huanzia hapo hapo: chumba shilingi ngapi, chakula shilingi ngapi, pikipiki ya kukodi shilingi ngapi.

Natamani bei iwe swali la mwisho. Nchi haiwezi kuwa nafuu kwa mtu asiyelala, wala kwa mtu anayeishi akimkwepa ofisa wa uhamiaji. Kwa Mtanzania au Mkenya, unafuu wa nchi ya watu unaanzia kwenye saa za kazi na kwenye pasipoti.

Safari yenyewe naiunga mkono. Tumezoea kuwaona wageni Paje na Jambiani, kompyuta mezani na bahari mbele yao, wakilipwa kwao na kutumia kwetu. Sioni kwa nini kijana wa Tanga asifanye vivyo hivyo kwingine. Tena zipo sababu za kikazi. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota karibu Afrika Mashariki nzima. Mteja aliyeko Berlin hana habari za waya uliokatika baharini. Anachojua ni kwamba kazi haijamfikia.

Tuanze na saa. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne. Mchukue mteja wa London wakati wa baridi, anayefungua ofisi saa tatu asubuhi ya kwao. Kwetu hiyo ni saa sita mchana, na Chiang Mai ni saa kumi alasiri. Akifunga saa kumi na moja jioni yake, Chiang Mai ni saa sita usiku. Ratiba hiyo inabebeka: asubuhi ni yako, unakwenda sokoni, unatembea, unafua, kisha unakaa kazini. Lakini mwenye mteja wa New York ataanza saa tatu usiku na kumaliza saa kumi na moja alfajiri, wakati watawa wa Kibudha wanakaribia kutoka na mabakuli yao kupokea sadaka ya chakula. Atalala mchana katika joto, madirisha yamefungwa, na mji alioulipia hatauona. Mteja huyo huyo, kijana akiwa Dar es Salaam, angemwachia saa saba usiku. Ushauri wangu ni mwepesi kuutaja na mgumu kuufuata: kabla hujanunua tiketi, ishi kwa saa hizo nyumbani kwako kwa wiki mbili. Mwili utakujibu.

Baada ya saa ni karatasi, na hapa ndipo ninapowaona wengi wakijidanganya. Pasipoti ya Tanzania haiingii Thailand bila viza, na viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi. Ni kweli wapo Wazungu waliokaa Chiang Mai miaka kwa viza za utalii, wakifanya kazi zao migahawani bila kuguswa. Mwenye pasipoti yetu asijipime kwa hao. Anayewekwa pembeni uwanja wa ndege na kuulizwa maswali marefu ni yeye.

Njia halali ipo. Julai 2024 Thailand ilianzisha viza iitwayo Destination Thailand Visa, inayowafaa wanaofanya kazi kwa mbali kwa ajili ya waajiri na wateja walioko nje ya nchi hiyo. Inadumu miaka mitano, na kila unapoingia unaruhusiwa kukaa siku 180. Ombi linafanywa mtandaoni, na ubalozi wa Thailand ulio karibu nasi uko Nairobi. Mwombaji awe na miaka 20 au zaidi, aonyeshe mkataba wa kazi au ushahidi wa kazi zake za kujitegemea, na aonyeshe fedha zisizopungua baht 500,000. Hizo ni takriban dola 15,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 35 za Tanzania. Kiasi hicho ndicho kinachowachuja wengi. Nasikia wapo wanaokopa kwa muda ili taarifa ya benki ipendeze. Nawasihi waache. Anayeanza safari na deni la mamilioni hana akiba, hata kama benki inaonyesha anayo.

Kipo pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Thailand inakidai kwa wanaotoka Tanzania na Kenya, na chanjo huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, hivyo anayeingoja wiki ya safari amechelewa. Tangu Mei 2025 kuna fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, ya kujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni ya bure, na anayekuomba malipo kwa ajili yake ni tapeli.

Chumba nacho kina karatasi yake. Sheria ya Thailand inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa uhamiaji ndani ya saa 24 mgeni anapoingia. Mwenye nyumba asiyetaka kufanya hivyo mkimbie, hata chumba chake kiwe nusu bei, maana siku utakapokwenda kuongeza muda, karatasi hiyo utaulizwa wewe. Na ukikaa huko siku 180 au zaidi katika mwaka mmoja wa kalenda, unahesabiwa mkaazi kwa ajili ya kodi ya mapato. Huku nyumbani nako, mwenye makazi ya kudumu Tanzania aliyekuwapo nchini sehemu yoyote ya mwaka bado ni mkaazi mbele ya TRA. Kupanda ndege hakufuti jina lako kwenye daftari la kodi.

Majira wengi hawayaulizi kabisa. Kuanzia Februari hadi Aprili, mashamba na misitu ya kaskazini mwa Thailand na ya nchi jirani huchomwa, moshi ukatuama juu ya bonde la Chiang Mai. Ziko siku za Machi ambazo mji huo huorodheshwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Mwenye pumu asiende miezi hiyo. Novemba, mvua zimekwisha na hewa ni safi, ndipo mji unapokuwa kama ulivyo kwenye picha. Nawaambia pia Waislamu wanaoniuliza kuhusu chakula: karibu na soko la usiku la mji huo upo msikiti wa Baan Haw, wa jamii ya Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, na mitaa inayouzunguka ina migahawa ya halali.

Lipo jambo ambalo nisingeliacha hata kama nafasi ya safu hii ingekuwa nusu yake. Thailand hiyo hiyo ndiyo mlango ambao vijana wa Afrika Mashariki wamepitishwa kwenda utumwani. Wanaahidiwa kazi ya kompyuta Bangkok, mshahara wa dola, tiketi na chumba vyote bure. Wakifika wanapakiwa magari hadi Mae Sot, wanavushwa mto hadi Myawaddy nchini Myanmar, wananyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni chini ya walinzi wenye silaha. Februari 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa ukivuka mpaka kwenda kwenye vituo vya utapeli huo, na miongoni mwa maelfu ya watu waliotolewa humo walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wasomi wenye Kiingereza kizuri na ujuzi wa kompyuta, na ndiyo maana walitafutwa.

Kwa hiyo mwanangu, tofauti ni hii: ukiondoka na kazi yako, na mteja ambaye ameshakulipa kwa miezi ukiwa nyumbani, wewe ni msafiri. Ukiondoka kwa sababu mtu usiyemjua amekutumia tiketi, tafadhali usipande ndege hiyo. Nauli ya kurudi iwe yako mwenyewe na isiguswe kwa lolote. Mtu mmoja nyumbani, dada au rafiki asiyezima simu, awe na nakala ya pasipoti yako, anwani ya nyumba na namba ya mwenye nyumba, na mpeane siku maalumu za kupigiana.

Na kabla ya kuiazimia Thailand, angalia Mauritius. Kodi ya pango na chakula viko juu kuliko Chiang Mai, sikatai, na kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga. Lakini tangu 2020 kisiwa hicho kinatoa viza ya mwaka mmoja kwa wanaofanya kazi kwa mbali, ombi halilipiwi, na sharti la kipato ni dola 1,500 kwa mwezi. Kiko mbele yetu kwa saa moja tu. Mteja wa New York atakuweka kazini kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nane usiku, kisha unalala gizani kama watu wengine. Kijana mwenye mteja wa namna hiyo, na akiba isiyofika milioni 35, ningemwelekeza aanze kuulizia huko.