Nionjeshe au Nirudishie

Katika maduka ya vifaa vya umeme huku kwetu, mjini na vijijini, kuna kidude kimoja ambacho watu wengi hawakithamini. Ni soketi ya balbu iliyopigiliwa juu ya ubao, karibu na meza ya muuzaji. Mteja akitaka balbu, muuzaji huitoa katika boksi lake, huipachika pale, huiwasha, na wote wawili huiona ikiwaka. Ndipo mteja anapotoa fedha. Na nyuma ya muuzaji huyo huyo, ukutani, aghalabu pana kibao kilichoandikwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Mimi sina ugomvi na kibao hicho. Wapo wanaokilaani, lakini nadhani hawakufikiri. Kibao kile kina haki kwa sababu ya soketi ile. Muuzaji amesema: nimekuonyesha, umeona, umeridhika, basi tusisumbuane kesho. Muuza machungwa naye hukukatia kipande uonje. Muuza kitenge hukuachia ukikunjue, ukigeuze ndani nje, ukivute nyuzi zake. Ugomvi wangu ni na wafanyabiashara wa siku hizi waliokibeba kibao wakaiacha soketi. Hao ni wauzaji wa nyongeza za gemu.

Kwa ajili ya msomaji asiyecheza, nieleze kwanza ni bidhaa gani ninayoizungumzia. Zamani gemu ya kompyuta ilinunuliwa mara moja ikaisha, kama mtu anunuavyo bao na kete zake. Siku hizi gemu ni kama nyumba inayouzwa chumba kimoja kimoja. Ukishaipata, kwa fedha au hata bure, unaletewa nyongeza: barabara mpya za kuendeshea gari, hadithi mpya, nguo za kumvika mhusika wako, au sarafu za mchezo za kununulia vitu hivyo. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa gemu yake ya Oblivion deraya ya kumvika farasi. Katika mashine ya Xbox 360 bei yake ilikuwa pointi 200, sawa na dola 2.50 za Marekani. Watu walicheka sana wakati ule. Kicheko kilikwisha, biashara ikabaki na kukua.

Nyongeza ina tabia moja inayoitofautisha na bidhaa nyingine nyingi: aghalabu haina duka la pili. Nikikosana na muuza balbu, navuka barabara naingia kwa jirani yake. Lakini nyongeza ya gemu niliyo nayo hutengenezwa na mwenye gemu au kwa ruhusa yake, huuzwa anakotaka yeye, kwa bei aliyoipanga yeye. Tena mnunuzi wake si mpita njia. Ni mtu ambaye amekwisha kuingia ndani, ametumia fedha na saa nyingi za usiku, na ameuzoea mchezo. Mtu wa namna hiyo ndiye anayestahili kutendewa kwa heshima zaidi. Badala yake ndiye anayebanwa.

Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na jioni hupenda kuendesha malori katika kompyuta. Mchezo huo ni wa utulivu: unabeba mzigo, unatii taa za barabarani, unafika. Mwaka juzi nilinunua nyongeza ya nchi mpya yenye barabara za milimani. Maelezo dukani yalisema kompyuta yenye nguvu kiasi fulani yatosha, na yangu ilikuwa na nguvu kupita kiasi hicho. Niliwasha, lori likawa linaruka kama panzi. Kila kona picha inaganda, ikirudi nimekwisha kutumbukia bondeni. Niliandika kuomba fedha zangu. Jibu lilikuja upesi mno kuwa limeandikwa na mtu: ombi lako halikidhi masharti. Nikaandika tena nikiuliza ni sharti gani. Likaja jibu lile lile, neno kwa neno.

Mjukuu wangu alisoma juu ya bega langu akasema, "Babu, hiyo ni mashine inakujibu. Utachoka wewe, yenyewe haichoki."

Fedha yenyewe ilikuwa ya kununulia samaki wa siku mbili, haikunifilisi. Ila kuna jambo ambalo wauzaji wa mbali hawalijui, au hawataki kulijua. Huku kwetu mtu hulipa mara mbili. Hulipa nyongeza, kisha hulipa bando la kuipakulia, na nyongeza kubwa hula gigabaiti nyingi. Hata fedha ya kwanza ikirudi, ya bando haitarudi. Tena wengi wetu tunatumia simu na kompyuta zilizokwisha kupitia mikono ya watu wengine. Kwa mtu kama huyo hakuna njia ya kujua kama kitu kitafanya kazi ila kukiwasha akaona. Kumnyima kuonja ni kumwambia acheze kamari.

Basi hoja yangu ni hii, nami naisema wazi ili anayetaka kuipinga asihangaike kuitafuta. Mwuzaji wa nyongeza ana milango miwili: mlango wa kuonja kabla ya kulipa, na mlango wa kurudisha baada ya kulipa. Simlazimishi aache wazi yote miwili. Achague mmoja. Asichoruhusiwa, kwa haki ya biashara yoyote iliyo safi, ni kuifunga yote.

Najua majibu yao. Jibu la kwanza ni kwamba bidhaa hii si kitenge. Ukishaitumia umeitumia, kama muhindi uliokwisha kuliwa. Huu ni mfano mbaya sana. Muhindi ulioliwa haurudi, ni kweli. Lakini nyongeza hukaa katika akaunti ambayo funguo zake anazo muuzaji mwenyewe. Akitaka, huiondoa papo hapo, na ghala lake halijapungua hata punje. Katika wauzaji wote duniani, huyu ndiye anayeweza kupokea bidhaa yake ikiwa nzima kama ilivyotoka.

Jibu la pili lina uzito zaidi, nami sitalikwepa. Wanasema wapo wachezaji watakaomaliza hadithi fupi kwa saa moja kisha wadai fedha zao, na atakayeumia ni mtengenezaji mdogo. Ni kweli, wajanja wapo. Lakini ndiyo maana nikasema achague mlango. Mwenye hadithi fupi afunge mlango wa kurudisha, na afungue wa kuonja: atupe dakika 20 za mwanzo bure, kisha aseme hapa ndipo pa kulipia. Hili si jambo geni. Mwezi Desemba 1993 kampuni ya id Software ilitoa gemu ya Doom ikiwa na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, nzima, ilitolewa bure, watu wakanakiliana disketi kwa disketi. Aliyependa alilipia mbili zilizobaki. Doom haikufa kwa njaa. Ilipata umaarufu ambao haujaisha hadi leo. Walioonjesha hawakupoteza, kwa kuwa walikuwa na kitu kitamu.

Na mlango wa kurudisha nao umejaribiwa. Mwezi Juni 2015 kampuni ya Valve, yenye duka la Steam, ilianza kuwarudishia wanunuzi fedha zao wakiomba ndani ya siku 14 nao hawajacheza saa mbili. Nyongeza nazo zimo, mradi gemu yenyewe isiwe imechezwa kufikia saa mbili tangu nyongeza inunuliwe, na nyongeza isiwe imetumiwa ikaisha. Zile zisizoweza kurudishwa zinapasa kuwekewa alama dukani mapema. Utaratibu huo una mapungufu yake. Saa mbili ni chache kwa mtu anayehangaika na mashine ya zamani. Lakini duka halikufungwa. Mfano huo peke yake unatosha kuwanyamazisha wanaodai haiwezekani.

Wala tusidhani moyo wa huruma ndio pekee uliofungua milango hiyo. Mwaka 2014 Tume ya Ushindani na Watumiaji ya Australia ilikuwa imekwisha kuishitaki Valve kwa kuwaambia wateja wa nchi hiyo kwamba hawana haki ya kurudishiwa fedha. Kampuni ikajitetea kwamba haifanyi biashara Australia, eti kwa kuwa yenyewe iko Marekani. Mahakama ikaukataa utetezi huo mwaka 2016, ikaitoza faini ya dola milioni 3 za Australia, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya nchi ile ikakataa kuisikiliza rufani yake. Somo hapo ni kubwa kwetu tulio mbali: mwenye kuchukua fedha ya mtu nyumbani kwake hawezi kusema hakufika nyumbani kwake.

Marekani yenyewe imeona mabaya zaidi. Mwezi Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye gemu ya Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishiwa wachezaji, baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho kuishutumu kwa namna ilivyopanga vitufe vyake. Kwa maelezo ya tume hiyo, mchezaji aliweza kutozwa kwa kubonyeza kitufe kimoja tu, hata alipokuwa anaiamsha gemu iliyolala, au alipotaka kutazama tu kitu na kidole kikagusa kitufe cha jirani. Waliopinga malipo hayo kwa mashirika ya kadi zao walifungiwa akaunti. Hebu lifikiri hilo, ndugu msomaji. Mtu ameomba kutazama, ameuziwa. Amelalamika, amefungiwa hata vile alivyonunua kwa halali.

Ulaya nako haki imeandikwa vizuri, kisha ikatobolewa tundu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 humpa mnunuzi wa mbali siku 14 za kubadili nia. Lakini kwa bidhaa za kupakua, haki hiyo huondoka mara upakuaji unapoanza, iwapo mnunuzi amekubali na kukiri kwamba anaipoteza. Basi wauzaji wakaweka kijisanduku cha kutia alama ya vema kabla ya kulipa. Alama moja ya kidole huzika siku 14. Mnunuzi anaambiwa alikubali. Naam, alikubali kama mtu akubalivyo mvua.

Hapa Afrika Mashariki hatuko mikono mitupu. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, humpa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari zinazohitajika ili azifaidi. Sijui kwa nini maneno hayo yaonekane yanahusu unga na mabati tu. Fedha inayotoka kwenye simu ya kijana wa Tanga au Kisumu kununua nyongeza ni fedha ile ile inayonunua unga.

Tunachoweza kudai si kikubwa. Nyongeza za mapambo, kama nguo na rangi za gari, tupewe kuzivaa muda mfupi ndani ya mchezo kabla ya kulipa. Nyongeza za ramani na hadithi, tupewe kipande cha mwanzo, japo tu kuona kama mashine zetu zinaziweza. Sarafu za mchezo haziwezi kuonjwa. Basi zile ambazo hazijatumiwa zirudishwe kuwa fedha, na bei za vitu ziandikwe kwa fedha ya kweli, si kwa pointi zinazomfanya mtoto asijue ametumia nini. Na anayeomba kurudishiwa ajibiwe kwa sababu, inayotaja sharti alilolikosa, ili aweze kulijibu.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto na michezo. Nawaambia wasubiri. Vitabu, nyimbo, filamu na masomo ya watoto wetu vinauzwa kwa desturi hii hii, na wauzaji hujifunza mazoea yao pale wanapoona hakuna anayepinga. Tukinyamaza kwa lori la kwenye kompyuta, tutanyamazishwa kwa kitabu cha mtihani.

Nami nimejiwekea sheria moja. Sinunui nyongeza ambayo muuzaji wake hajaandika waziwazi, kabla ya bei, atanionjesha nini au atanirudishia lini. Asiyeandika nachukulia kuwa haitaki fedha yangu, nami simsumbui.