Bustani ya Nyumbani: Kubebesha Waridi la Jangwa

Tumeletewa barua na bibi mmoja wa Tanga, mpenzi wa maua na msomaji wetu wa siku nyingi. Jirani yake anao mwaridi wa jangwa wenye maua ya rangi ya damu ya mzee, tabaka juu ya tabaka, hata mpita njia husimama kuutazama. Mti huo ulipozaa, jirani alimpa ganda moja la mbegu na kumwambia, "Panda, nawe utapata kama haya." Bibi akapanda, akalea miche saba kwa muda wa miaka miwili, na sasa yote imechanua. Loo! Hakuna hata mmoja uliotoa ua la mama yake. Yote ni maua ya waridi hafifu, ya petali tano tu, kama yale yaonekanayo kila ua wa mjini. Bibi yetu aona amechezewa. Asema jirani alimpa mbegu za mti mwingine ili uzuri ule ubaki uani kwake peke yake, na tangu mwezi uliopita hawajuliani hali. Atuuliza, je, hasira yake si ya haki?

Twamjibu bila kuzunguka: si ya haki. Yamkini kabisa kwamba jirani alimpa mbegu za mti ule ule, na kwa moyo safi, naye mwenyewe hakujua kwamba ahadi aliyoitoa haimo katika uwezo wa mbegu. Kwa kuwa tumewahi kusikia magomvi ya namna hii zaidi ya mara moja, na vijana wengi siku hizi wafanya biashara ya mimea hii, tumeona yafaa kulieleza jambo lenyewe kwa urefu.

Ua la mwaridi wa jangwa lina shingo ndefu, na chavua yake imefichwa ndani sana. Kwa kawaida ua hilo halipokei chavua ya mti wake wenyewe. Hungoja mdudu ailete kutoka mti mwingine. Basi ganda la mbegu lililozaliwa katika mti wa jirani lina mama ajulikanaye na baba asiyejulikana, na aghalabu baba huyo ni mti wa maua ya kawaida uliopandwa penye kizingiti cha mtu wa tatu. Tena hata baba angejulikana, bado mambo yasingalikuwa na hakika. Miti hii ya maua ya tabaka imechanganywa nasaba mara nyingi na wakulima wa maua, hasa wa Thailand na Taiwan, hata kila mbegu hubeba fungu lake la urithi. Watoto wa tumbo moja, mmoja mrefu na mmoja mfupi, mmoja mweupe na mmoja maji ya kunde, hatusemi kwamba mama amewadanganya jamaa.

Mtu atasema, kwa nini basi asikate tawi na kulichomeka mchangani? Hiyo ni njia, na tawi likishika litatoa ua lile lile bila kosa, kwani tawi ni mti wenyewe ulioendelezwa. Lakini tawi lililochomekwa kwa kawaida halifanyi kile kitako kinene kama kitunguu kikubwa, nacho ndicho nusu ya uzuri wa mmea huu. Kitako hicho hutoka kwa mche wa mbegu. Twaona basi kwamba mche una kitako bila ua, na tawi lina ua bila kitako. Kubebesha ni kuvikutanisha hivyo viwili.

Wasiofahamu hudhani kwamba kubebesha ni kuchanganya damu mbili zikawa moja. Sivyo. Watu wa Tanga wana ushahidi karibu: machungwa ya Muheza. Mchungwa hubebeshwa juu ya mche wa jamii ya malimau, wenye mizizi ya nguvu. Nao huzaa machungwa matamu, wala hakuna aliyekula chungwa akakuta nusu yake limau. Juu hubaki kuwa juu, na chini hubaki kuwa chini. Hugawana maji na chakula tu, wala si nasaba. Elimu hii ni ya kale. Ibn al-Awwam wa Seville, katika Andalusia ya karne ya 12, aliandika Kitab al-Filaha, kitabu kikubwa cha kilimo, na humo akasema mengi juu ya kubebesha miti. Kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kihispania mwaka 1802, wakulima wa nchi ile walisoma kwa lugha yao mambo yaliyoandikwa kwa Kiarabu katika ardhi yao wenyewe.

Ama mwaridi wa jangwa wenyewe, si mgeni kwetu ingawa wengi huununua wakidhani umetoka ng'ambo. Huota mwituni katika sehemu kavu za Kenya na Tanzania, katika Somalia, Yemen, na milima ya Dhofar huko Oman. Peter Forsskål, mwanachuoni wa Kiswidi aliyesafiri katika msafara wa mfalme wa Denmark na kufariki Yemen mwaka 1763, aliuandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1775 baada ya kifo chake, akaupa jina la Kilatini lenye maana ya "mnene". Na kwa ajili ya unene huo huo mti huu umepatwa na msiba: wako watu waendao porini na sururu, wakang'oa miti iliyokwisha kuishi miaka mingi, wakaiuza mijini. Mingi hufa, kwa kuwa mizizi imekatwa ovyo na kupandwa ingali na jeraha bichi. Kijana ajuaye kubebesha hana haja ya kazi hiyo. Mbegu moja na tawi moja vyamtosha.

Sasa, kabla hatujashika wembe, lipo jambo ambalo hatutalipita upesi. Utomvu wa mmea huu ni sumu. Si sumu ya kuwasha ngozi tu; ndani yake mna vitu vinavyoshika moyo na kuharibu mapigo yake. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi huutumia kutengeneza sumu ya mishale, nao ni watu wanaojua wafanyalo. Basi kazi hii haifanywi jikoni, wala juu ya meza ya chakula, wala kwa kisu kitakachorudi kukata embe. Tenga wembe wake peke yake. Vaa glavu, na usijifute jicho wala mdomo mpaka umalize na kunawa kwa sabuni. Vipande vyote vilivyobaki, majani na magamba, kusanya uvifukie mbali na mbuzi na kuku. Usiviache chini, kwani mtoto wa miaka miwili hajui tofauti ya kijiti na muwa. Ikiwa mtoto ametafuna, mpelekeni hospitali saa ile ile, na mchukue tawi la mmea mkamwonyeshe daktari. Msingoje aonyeshe dalili, wala msipoteze muda kwa maziwa na dawa za nyumbani. Na nyumba yenye mtoto atambaaye, twashauri chungu kiwekwe juu asipofika, au mti huu ungoje mpaka mtoto akue.

Wakati mzuri wa kubebesha kwa watu wa pwani ni kaskazi, mvua za vuli zikiisha na joto likiwa limetulia, maana mti huwa macho na jeraha hupona upesi. Wakati wa masika maji huingia katika jeraha na kuliozesha; na katika baridi ya kusi mti husinzia. Wa bara wafuate kanuni hiyo hiyo: joto na ukavu.

Chagua mche wa mbegu wenye umri wa mwaka mmoja hivi, shina lake lisipungue unene wa kidole cha mwisho. Ile miche saba ya bibi wa Tanga, ambayo amesema ataitupa, ndiyo hasa itakiwayo. Umri wa miaka miwili, vitako vimekwisha kunenepa. Ni mali, na asiyeijua ni yeye tu. Kilichobaki ni kikonyo, yaani tawi la kubebeshwa, nacho kipo upande wa pili wa ukuta. Itampasa aende akaombe, na kwa kuwa mti wenye afya haudhuriki kwa kupunguzwa tawi moja, hatudhani kwamba atanyimwa. Aende asubuhi na mapema, na asiende mikono mitupu.

Kikonyo kiwe kigumu cha kutosha, si ncha laini ya juu kabisa, na unene wake ulingane na shina litakalokibeba. Urefu wa sentimita 3 hadi 5 watosha, maadamu kina macho mawili matatu ya kuchipua. Kata majani yote, kwani majani hunywa maji, na kikonyo bado hakina wa kukiletea. Uwembe uwe mpya, na uufute kwa spiriti kila ukatapo. Mche ukate sawasawa, sentimita 5 hivi juu ya kitako. Kisha uchonge katikati yake mfereji wa mfano wa herufi V, kina chake sentimita moja au zaidi kidogo. Kikonyo nacho kichonge pande mbili kama kabari, kiingie katika mfereji ule bila nafasi. Pangusa utomvu kwa kitambaa safi mpaka ukome.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kati ya ganda na mti wa ndani mna utando mwembamba, na uhai wote wa kuungana umo katika utando huo. Ukikiweka kikonyo katikati vizuri kwa macho lakini utando wa huku usiguse utando wa kule, umefunga maiti. Ikiwa kikonyo ni chembamba kuliko shina, kisogeze upande mmoja mpaka ganda likutane na ganda. Upande mmoja ukishika, watosha. Tena fanya upesi, jeraha lisikauke, wala usichonge mara tatu nne kwa kutafuta uzuri. Mkato mmoja ulionyooka una faida kuliko mingi iliyorekebishwa.

Funga kwa utepe wa nailoni, kaza kwa kiasi, kisha ufunike ili kikonyo kisinyauke. Zamani tungalisema mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019. Chupa ya maji iliyokatwa kitako na kufunikizwa juu ya mche hufanya kazi vile vile, na kizibo chake hufunguliwa kidogo kidogo baadaye. Weka mche kivulini penye mwanga mwingi. Mwagilia siku mbili kabla ya kazi, kisha uache kwa juma zima. Na ukirudi kumwagilia, maji yaende udongoni tu, yasiguse jeraha. Udongo wenyewe uwe wa kupitisha maji: mchanga wa mtoni uchanganywe na samadi iliyooza. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie.

Baada ya wiki 2 au 3 utajua. Kikonyo kikiwa kigumu na macho yake yakichomoza ubichi, kimeshika. Anza kukizoeza hewa, siku baada ya siku, ndipo uondoe chupa. Kikiwa cheusi na laini, kimekufa, lakini mche haukupotea: ukate chini ya palipooza mpaka uone nyama safi, uupe mapumziko, ujaribu tena. Kikonyo kilichotoka katika mti mzima huchanua baada ya miezi michache tu, kwani umri wake ni umri wa mti uliokizaa.

Vijana wapendao mashindano waweza kubebesha rangi mbili au tatu juu ya mche mmoja wenye matawi. Hupendeza, ila tawi lenye nguvu hula haki ya wenziwe, na lazima lipunguzwe mara kwa mara. Na katika kila mti uliobebeshwa, angalia chini ya kiungo: machipukizi yatokayo hapo ni ya mche wa asili, nayo yakiachwa yatakua kwa kasi, yatamnyima chakula mgeni wa juu, na mwisho utaona maua ya waridi hafifu yamerudi. Yapogoe yangali machanga.

Wengine wametuuliza juu ya mbegu zinazouzwa kwa njia ya simu, zenye picha za mawaridi ya jangwa ya buluu kama mbingu. Hayapo. Ipo myekundu, myeupe, ya manjano, ya zambarau, na ile ya kukaribia weusi, buluu haipo. Na hata picha ingekuwa ya ua la kweli, mwenye kuuza mbegu hawezi kukuahidi ua lililo katika picha. Ukitaka rangi uijuayo, nunua mti uliokwisha kubebeshwa, uutazame ukiwa na ua lake, na kabla ya kutoa fedha chunguza kiungo kwa kidole: kiwe kikavu, kigumu, kisichotoa maji.