Mtihani wa Kona za Soni
Muuzaji wa pikipiki humpa mteja mashine mpya ya masafa aijaribu kwenye lami tambarare, na hapo kila pikipiki ni tamu. Mwenye Honda CG125 anayoipenda aombe njia nyingine: Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi za kona zinazopita Soni na kupanda karibu mita 1,000. Huko hewa huwa nyepesi, kabureta ya zamani huendelea kumimina petroli kwa kipimo cha bondeni, injini hupungukiwa nguvu na plagi hufanya masizi. Ile mpya, yenye vihisio, hupunguza mafuta yenyewe. Wakati wa kushuka, ukungu ukiwa umelowesha lami, breki za ABS huzuia tairi lisigande na kuteleza kuelekea korongoni. Kwa anayebeba abiria, breki hizo peke yake zinatosha kumfanya abadilishe. Lakini nani ataitengeneza hiyo mpya ikizimika huko milimani, Mtae? CG125 ilitoka mwaka 1976, baada ya Honda kuchunguza jinsi pikipiki zinavyotumika, na kuteswa, katika nchi zinazoendelea; wakaacha cheni ya ndani ya injini, wakaweka fimbo za kusukuma valvu zisizodai matunzo mengi. Fundi mwenye bisibisi na spana huifungua kabureta yake chini ya mti, akapuliza jeti, safari ikaendelea. Kihisio kikifa hutaka kifaa cha kupimia na kipuri chake hasa. Kabla ya kulipa, basi, mteja amuulize fundi wake wa Lushoto kama kifaa hicho anacho.