Mhindi Hazaliwi na Hesabu

Tangu mradi wa maji wa miji 28 ufike kwetu, Njombe mjini na Makambako yanasemwa yale yale: "Hawa Wahindi bwana, hesabu na kompyuta wanazaliwa nazo." Msemaji hudhani amesifu. Kisha, bila hata kumeza mate, anaongeza kwamba ni wabahili na wamekuja kuchuma tu.

Sifa hiyo na tusi hilo baba yao mmoja: kuwaona Wahindi wote kitu kimoja. Mradi wenyewe unagharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, mikataba ikasainiwa Juni 2022, na wakandarasi wakaja na wahandisi wao. Mhandisi aliyekulia Hyderabad anaitwa Patel, kana kwamba ni binamu wa mwenye duka ambaye babu yake alitoka Gujarat enzi za mkoloni. Lugha zao mbalimbali. Na mwenye duka, tusisahau, ni Mtanzania.

Huo ujuzi wa hesabu na kompyuta una historia, tena ya jasho. India ilipata uhuru 1947. Mwaka 1951 ikafungua chuo cha kwanza cha teknolojia cha IIT, Kharagpur. Hadi leo mamia ya maelfu ya vijana hufanya mtihani wa kuingia vyuo hivyo, na wengi huachwa nje. Mwaka 2023 IIT Madras ikafungua tawi Zanzibar. Kama mambo haya ni ya damu, pale wanafundisha nini?

Watu wa Njombe tulipaswa kuwa wa kwanza kuyakataa maneno haya. Dar es Salaam binti yetu anasifiwa kuwa kaumbiwa kazi za ndani, mchapakazi, hana maneno. Halafu analipwa kiduchu. Mkinga wa kwetu akifungua duka la pili Makambako, ni ndagu, uchawi wa utajiri! Miaka aliyolala juu ya marobota ya mitumba haihesabiwi.

Imani hii inatugharimu. Ukishaamini fundi kazaliwa hivyo, huulizi alijifunzaje, wala nani wa kwetu anajifunza kwake. Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwachia Mtanzania ujuzi wa huyo mgeni. Anayenung'unika kijiweni stendi ya Makambako aende mamlaka ya maji aulize: kijana wa kwetu aliyepangiwa kurithi kazi ya wahandisi wa mradi ni nani, na pampu ikizimika usiku, anaruhusiwa kuigusa?