Mkataba wa Raila na NAMLEF: Swali Lililostahili Halikuulizwa

Tarehe 29 Agosti 2007, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mgombea urais wa chama cha ODM, marehemu Raila Odinga, alitia saini hati ya makubaliano na Jukwaa la Kitaifa la Viongozi wa Kiislamu, NAMLEF. Hati ile haikuchapishwa. Haukupita muda mrefu, karatasi nyingine ikaanza kuzunguka mikononi mwa watu, ikidai kuwa ndiyo hati yenyewe. Ndani yake Raila alionekana akiahidi kuifanya sharia kuwa ndiyo sheria ya maeneo ya Waislamu, kupiga marufuku pombe Pwani na Kaskazini Mashariki, na kuwawekea wanawake amri ya mavazi.

Baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walitoa tamko kali dhidi ya mgombea huyo. Majukwaani karatasi ile ikawa silaha. Ndipo tarehe 27 Novemba, mwezi mmoja kamili kabla ya siku ya kura, ODM ikaitoa hadharani hati yenye saini. Haikuwa na sharia wala amri ya mavazi. Ilikuwa na ahadi ya kurekebisha dhulma na kutengwa kwa Waislamu, kuyaendeleza maeneo yaliyosahauliwa, na kuunda tume ya kuchunguza jinsi Wakenya walivyokabidhiwa kwa nchi za kigeni.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa moyo wa hati. Baada ya majeshi ya Ethiopia kuingia Somalia mwishoni mwa mwaka 2006, watu waliokimbia vita walikamatwa mpakani na ndani ya Kenya. Mwezi Januari na Februari 2007 zaidi ya watu 80, wakiwemo wanawake na watoto, walipakiwa ndegeni na kupelekwa Somalia, na wengi wao wakaishia katika magereza ya Ethiopia. Wakenya walikuwa miongoni mwao. Mkenya Mohamed Abdulmalik alikamatwa Mombasa Februari mwaka ule, na mwezi uliofuata akawa Guantanamo. Je, mzazi anayedai kwamba mwanawe asitolewe nje ya nchi yake bila hakimu kumsikiliza, anataka dola ya Kiislamu? Anadai haki ambayo Mkristo wa Kisumu naye angeidai.

Lakini washambuliaji hawakuwa na haja ya kusoma. Kosa la mgombea lilikuwa kuketi na watu wa msikitini, basi. Na uzushi husafiri: mwaka 2008 maneno ya karatasi ile ya bandia yalivushwa hadi Marekani, yakatumika kumchafua Barack Obama, kwa kuwa tu baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya kama Raila.

Hata hivyo, ndugu Waislamu, tusijisafishe kupita kiasi. Hati iliyohusu maslahi ya mamilioni ya watu ilifichwa kwa miezi mitatu. Aya ya sita ya Suratul-Hujuraat inatuamrisha kuzichunguza habari kabla ya kuzifanyia kazi, na tulikuwa wepesi kuwakumbusha wengine amri hiyo. Lakini mwananchi angechunguza nini, ikiwa hati ya kweli imefungiwa kabatini? Waislamu wa kawaida, ambao kura zao ndizo zilizokuwa zikiahidiwa, hawakuisomewa. Aliyeghushi alikuta uwanja mtupu.

Kwa hiyo hoja pekee iliyostahili kumkabili nayo mgombea yule haikutolewa na upande wowote: je, ataitimiza? Maadui walikuwa wakipigana na sharia isiyokuwepo, nasi tulikuwa tukimtetea kana kwamba ni imamu wetu.

Aprili 2008, baada ya machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,100, Raila akawa Waziri Mkuu katika serikali ya mseto. Miaka miwili baadaye, kufuatia milipuko ya Kampala ya Julai 2010, Wakenya walikamatwa tena na kuvushwa mpaka hadi Uganda bila kufuata utaratibu wa sheria. Al-Amin Kimathi wa Jukwaa la Haki za Binadamu la Waislamu, aliyekuwa ameandika na kupaza sauti juu ya watu wa 2007, alikwenda Kampala kufuatilia kesi yao naye akatiwa ndani kwa takriban mwaka mzima. Wafuasi wa Raila watasema hakuwa Rais, na polisi hawakuwa chini yake. Ni kweli, na udhuru huo una uzito wake. Lakini alikuwa ndani ya serikali, na sisi hatukumwendea na hati yake mkononi kumuuliza.

Wagombea wengine watakuja misikitini, kwa kuwa hawachoki kuja. Atakayetia saini na asomewe hati yake mbele ya jamaa baada ya swala ya Ijumaa, ibandikwe ukutani mwa msikiti, na nakala wapewe majirani Wakristo siku hiyo hiyo.

Abdulmalik alirejeshwa Kenya Desemba 2024, baada ya karibu miaka 18, bila kufunguliwa shitaka hata moja. Raila alifariki Oktoba 2025. Tume ile aliyoiahidi haikupata kuundwa.